Kuzamia na mtungi visiwani: punguza mwendo uwaone viumbe wa mwambani

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaozamia na mtungi wa hewa, au wanaojiandaa kuanza, kwenye visiwa vya maji ya joto. Kuna jambo nalisikia mara kwa mara boti inaporudi. Watu wawili wametoka mwamba uleule, saa ileile. Mmoja anasimulia bila kumeza mate, mwenzake anasema "mbona hamna kitu kule, samaki wa kawaida tu." Ukiwaangalia wakiwa majini, jibu unalipata mapema: mmoja alikuwa anatembea na macho, mwingine alikuwa anakimbia.

Mwamba wa matumbawe si mahali pa kupita. Inakadiriwa kuwa miamba hii haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini tunaowajua huishi humo au huitegemea. Maana yake ni kwamba kipande cha mita moja ya mraba kina wakazi wengi, na wengi wao maisha yao yote ni kazi ya kutoonekana. Ukikata mita 300 kwa mbizi moja umewapita wote.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia viumbe, tuzungumze kuelea. Anayezama kupita kiasi hulazimika kupiga mapezi ya miguuni muda wote ili asishuke. Akipiga mapezi anachoka, akichoka anahema, akihema mtungi unaisha. Juu ya hayo anatimua mchanga na viputo vyake vinawafukuza samaki. Chanzo mara nyingi ni vipande vya uzito vya risasi vingi mno kiunoni. Jipime kabla ya kushuka: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ikiwa ya kawaida umeishikilia kidogo hapo juu, maji yakufikie usawa wa macho. Kumbuka pia kwamba mtungi wa alumini wa kawaida huwa mwepesi kwa kilo 2 hivi hewa inapokaribia kuisha, kwa hiyo zingatia hilo ili mwishoni usije ukapanda juu bila kutaka.

Ukishatulia, mapafu ndiyo usukani wako. Vuta pumzi taratibu, unapanda kidogo. Toa taratibu, unashuka. Ila ukiwa chini usibane pumzi hata mara moja, maana hewa hutanuka unapopanda na mapafu yaliyofungwa yanaweza kupasuka. Hili halina mjadala.

Sasa kina. Watu wengi wanadhani vitu vizuri viko chini sana. Mita 10 tu shinikizo ni mara mbili ya juu ya maji, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne, na hewa yako inakwenda kwa kasi hiyohiyo. Rangi nazo zinakutoka: nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia, na ukifika mita 10 hivi imebaki kidogo sana, kila kitu kinaonekana cha buluu na kijivu. Washa tochi hata mchana. Utashangaa jiwe la kijivu likigeuka sifongo jekundu. Binafsi nikipewa nafasi nachagua mita 5 hadi 12, mwanga wa jua bado upo, matumbawe yamestawi, na nina muda wa kutosha wa kukaa mahali pamoja.

Na hapo ndipo penye utamu. Chagua kipande kimoja cha mchanga kando ya mwamba, tulia mita mbili mbali nacho, usisogee. Baada ya muda utaona tundu dogo, na mlangoni pake samaki mdogo amekaa kama mlinzi. Subiri. Atatokea kamba mdogo kutoka ndani, anasukuma mchanga kwa makucha yake kama katapila, anamwaga nje, anarudi. Kamba huyo karibu haoni. Akitoka, unyuzi wake mmoja wa kichwani unakuwa umemgusa samaki muda wote. Samaki akitikisa mkia kidogo, kamba anarudi shimoni papo hapo. Hatari ikizidi, samaki naye anaingia kwa kichwa. Kamba anachimba na kukarabati, samaki analinda, nyumba ni moja. Mpiga mapezi hawezi kuliona hili kamwe, maana kivuli chake kikifika wote wameshajificha.

Mahali pengine pa kusimama ni kwenye vituo vya usafi. Utavijua kwa foleni ya samaki. Utaona chewa mkubwa ametulia katikati ya maji, kinywa wazi, mashavu yametanuka, na samaki mwembamba mwenye mstari mweusi na buluu anaingia kinywani na kutokea upande wa mashavu akidonoa vimelea na ngozi iliyokufa. Hapo chewa hamli. Kasa na samaki taa wakubwa nao hufika vituoni kusafishwa. Na kuna tapeli: samaki mwingine kabisa anayefanana na msafishaji kwa rangi na hata kwa uchezaji wake, ambaye akikaribia hudonoa kipande cha pezi na kukimbia. Mtazame mdomo. Msafishaji halisi mdomo wake uko ncha kabisa ya uso, wa tapeli umejificha chini ya pua.

Pweza naye usimtafute yeye, tafuta taka zake. Lundo dogo la makombe matupu na magamba ya kaa nje ya tundu maana yake ni kuna mwenye nyumba. Ukiangalia kwa utulivu utaona jicho, mboni yake ni ufa uliolala, na ngozi inayolizunguka inabadilika kutoka laini kuwa na vinundu huku unatazama.

Karibuni tuchangie, na wenye maswali waulize.

#2 · Mchangiaji mgeni

Asante sana mkuu kwa nondo. Mimi naogopa kina na naogelea kawaida tu. Nimesikia mtu anaweza kuona mengi hata bila mtungi. Nianzie wapi?

#3 · Mleta uzi

Ndugu, anza juu kabisa na miwani na bomba la kupumulia, uelee kifudifudi kwenye maji ya mita 2 au 3. Samaki-klauni na anemoni yake, yule mnyama laini anamoishi, utawaona hapo. Waangalie kwa makini: mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume lake, wanaobaki ni wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mmoja wa wadogo hupanda cheo akawa dume. Familia nzima ya namna hiyo unaisoma ukiwa juu ya maji.

Ukiamua kuingia kwenye mtungi, nenda kwa mwalimu mwenye cheti. Kozi ya kwanza ya kawaida hukuruhusu hadi mita 18, na inayofuata hadi mita 30. Mita 40 ndiyo ukomo wa kuzamia kwa burudani. Usiharakishe ngazi hizo. Hofu yako si aibu, mwalimu mzuri ataiheshimu na atakuacha ukae kina kifupi hadi pumzi itulie.

Jambo moja la kujiandaa nalo: chini ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa kama theluthi na kiko karibu zaidi ya ukweli, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani. Kwa hiyo mkunga unayemwona wa kutisha, mpunguzie.

#4 · Mzamiaji wa siku nyingi

Mleta uzi umesema kweli kuhusu mwendo, lakini umeacha maji yenyewe. Mwamba uleule wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu ni sehemu mbili tofauti. Bamvua mikondo ina nguvu na maji huchafuka, hasa yanapopwa na kutoa tope kwenye mikoko na nyasi za bahari. Maji mafu yametulia, ni mazuri kwa kutazama vidogo vidogo kama ulivyoeleza. Na mara nyingi maji yanayojaa kutoka bahari kuu ndiyo maangavu.

Lakini anayetaka wakubwa asiukimbie mkondo. Nenda kwenye pembe ya mwamba mahali mkondo unapogonga. Samaki wadogo hukusanyika hapo wakielekeza vichwa kwenye mkondo kula vinavyoletwa, kolekole wanawafuata, papa wanafuata kolekole. Unajibanza nyuma ya jiwe sehemu isiyo na matumbawe, unatazama upande wa bahari iliyo wazi. Kosa la wengi ni kutazama mwamba tu. Kila baada ya muda geuka, tazama nyuma yako kwenye buluu. Wakubwa hupita huko.

#5 · Mleta uzi

Mkuu wangu, nyongeza nzuri sana hiyo, na nakubali. Niongeze tu kwamba wakubwa wengine wana majira yao. Kisiwani Mafia, papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Kule Maldivi, ghuba ya Hanifaru hujaa taa wakubwa wa manta wakati wa pepo za kusini-magharibi zinaposukumia chakula humo, na mtungi hauruhusiwi kabisa, ni miwani na bomba tu. Sheria hiyo naiunga mkono. Manta wanakula karibu na uso wa maji, na ukuta wa viputo kutoka chini unawavuruga.

Potwe ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na hula viumbe wadogo mno wanaoelea. Madoa ya ubavuni mwake hayafanani na ya mwingine. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuwatambua kwa kutumia hesabu ambazo wanaastronomia walizitengeneza kulinganisha picha za nyota. Kwa hiyo picha yako ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, ina kazi kubwa kuliko picha yako ukiwa umepozi naye. Baki mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, usimpitie mbele, na usimguse.

#6 · Mchangiaji

Wakuu mnazungumzia uzuri tu. Hatari je? Papa si wanakula watu?

#7 · Mleta uzi

Dada au kaka, swali zuri. Papa wa mwambani unaowakuta visiwani, wale wenye ncha nyeupe au nyeusi za mapezi, wakikuona wengi wao hugeuza njia. Mimi wanaonipa tahadhari ni wengine.

Wa kwanza ni kikande mkubwa, yule wa rangi ya njano na kijani mwenye meno mazito, anaweza kufika sentimita 75. Wakati wa kutaga huchimba kiota mchangani na kulilinda eneo lenye umbo la pia iliyogeuzwa, linapanuka kadiri unavyopanda. Wengi wakifukuzwa hukimbilia juu, na huko ndiko bado kwake. Ukiona amesimamisha mwiba wa mgongoni na anakuelekea, ondoka kwa kwenda kando, kwa usawa uleule, mapezi yako yakiwa kati yako na yeye.

Wa pili ni samaki-jiwe. Hakufuati, amelala tu, amefunikwa na mwani, hata ukionyeshwa kwa kidole unachukua muda kumwona. Ana miiba 13 mgongoni yenye sumu kali. Ndiyo maana nasema usishike jiwe usilolijua na usikanyage mwamba. Aliyechomwa atolewe majini, sehemu iliyochomwa iingizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nyuzi joto 45 hivi, maana sumu hiyo huharibiwa na joto, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwokoaji ajaribu maji kwa mkono wake kwanza, kwani mwenye maumivu yale anaweza kuungua bila kuhisi.

Wa tatu ni konokono wale wa umbo la pia wenye maganda yenye michoro mizuri mno. Wana mshale wa sumu na baadhi yao wameshaua watu. Ganda zuri liache lilipo.

Mkunga mnamsingizia. Anafungua na kufunga kinywa kwa sababu anapumua, anapitisha maji kwenye mashavu. Usiingize mkono tunduni kwake, basi.

#8 · Mchangiaji mwingine

Samahani, nitakwenda kinyume kidogo. Mimi naona utalii huu wote wa kuzamia unaumiza bahari. Matumbawe yanavunjwa na mapezi, waongozaji wanachokoa viumbe kwa fimbo ili wageni wapate picha. Tungeiacha bahari ipumzike.

#9 · Mzamiaji wa siku nyingi

La fimbo nimeliona kwa macho yangu, na linaniudhi. Farasi-bahari mbilikimo, yule mdogo kama ukucha, aligunduliwa mwaka 1969 huko New Caledonia kwa sababu tu mtaalamu alikuwa ameokota tumbawe la umbo la feni kwa ajili ya jumba la makumbusho ya viumbe, na akakuta mnyama amejishika humo. Hafikii hata sentimita 3, vinundu vyake vina rangi ya tumbawe lenyewe. Kiumbe anayejificha kiasi hicho, unamgeuza kwa fimbo atazame kamera, na taa inamulika usoni mara kumi? Hapana. Mwongozaji akifanya hivyo mbele yenu, mwonyesheni ishara ya kukataa, na mkifika juu mwambieni kwa heshima kwamba picha hiyo hamuitaki. Wengi hufanya wakidhani ndivyo mteja anavyotaka.

#10 · Mleta uzi

Ndugu wa #8, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Tumbawe ni mnyama, na yale ya umbo la mviringo hukua milimita chache hadi sentimita 2 hivi kwa mwaka. Pigo moja la pezi linavunja kazi ya miaka. Ndiyo maana nimeanza na kuelea kabla ya samaki. Anayejifunza kuzamia afanye mazoezi juu ya mchanga mtupu hadi aweze kusimama majini bila kutumia mikono, ndipo apelekwe mwambani. Vituo vingi vinaruka hatua hiyo, na hapo nakubaliana nawe kabisa.

Ila tukitaja kinachoua matumbawe kwa wingi, ni joto. Ndani ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaolipatia sehemu kubwa ya chakula chake na rangi yake. Bahari ikizidi joto la kilele la kawaida kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa wale mwani na kubaki jeupe. Likiendelea hivyo linakufa kwa njaa. Ilitokea kwa upana mwaka 1998, ikarudi, na Aprili 2024 ilitangazwa kuwa dunia iko kwenye tukio la nne la namna hiyo. Mtu aliyewahi kuuona mwamba ukiwa hai, na baadaye akaukuta mweupe, hawezi kunyamaza. Nawataka watu hao wawe wengi. Hiyo ndiyo sababu bado nawakaribisha watu majini.

Kwenye mafuta ya kujikinga na jua, Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimezuia yenye kemikali zinazoshukiwa kudhuru matumbawe. Njia rahisi ni shati la mikono mirefu la kuogelea. Na msilishe samaki mkate.

#11 · Mchangiaji mgeni

Mkuu, na usiku? Nimeambiwa usiku ni kitu kingine.

#12 · Mzamiaji wa siku nyingi

Usiku mwamba unabadilisha zamu. Pono, ambao mchana unawasikia wakikwangua mawe kwa midomo yao, unawakuta wamelala kwenye nyufa, na baadhi ya aina hujitengenezea mfuko mwembamba wa ute unaowakinga na vimelea wanaonyonya damu gizani. Usimmulike usoni, akishtuka atatoka mfukoni na kujigonga. Matumbawe yenyewe yanatoa minyiri yake na kuanza kula, mwamba uliokuwa mgumu mchana unaonekana una manyoya. Kambakochi wanatoka, pweza anatembea wazi.

Muwe kina kifupi, mahali mlipopazamia mchana wa siku hiyohiyo, kila mmoja na tochi mbili. Kuna wakati wa kutulia wote, kufunika tochi vifuani na kupunga mkono gizani. Viumbe wadogo wanaong'aa watawaka kwenye vidole vyako.

#13 · Mchangiaji

Swali la mwisho kwangu wakuu. Nina safari ya kisiwani, narudi kwa ndege. Naweza kuzamia asubuhi nikapanda ndege jioni?

#14 · Mleta uzi

Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Unapokuwa chini mwili unafyonza naitrojeni, na ukipanda haraka, au ukiingia kwenye ndege ambayo shinikizo lake ni dogo kuliko la ardhini, gesi hiyo inaweza kutengeneza viputo mwilini. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza, na matibabu yake ni oksijeni na chemba ya shinikizo ambayo visiwa vingi havina.

Ushauri unaofuatwa na wengi ni huu: mbizi moja isiyohitaji kusimama kwa lazima njiani wakati wa kupanda, subiri angalau saa 12. Mbizi kadhaa au za siku mfululizo, angalau saa 18. Mimi naacha siku nzima. Kwenye kila mbizi panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Dakika hizo 3 zitumie kutazama maji yenyewe karibu na miwani yako. Mara nyingi kuna vimatone vinavyong'aa kama kioo vyenye mistari ya rangi inayokimbia ubavuni, hao ni wanyama wanaoelea. Picha zao ukipata, ziweke hapa.